Sura ya Tano: Mtoto wa Jirani Analia, Niende Wapi?

Ukikaa na wazazi wa Manzese kuzungumza habari za haki za watoto, swali wanalouliza mwishoni halihusu haki. Linahusu njia. "Sawa, tumesikia. Sasa mimi nianzie wapi?" Anayeuliza anaweza kuwa mama aliyeachiwa watoto watatu na mume aliyehamia Kibaha na simu yake haipatikani. Anaweza kuwa bibi anayelea mjukuu aliyeacha shule darasa la sita, au mpangaji anayesikia kila usiku mtoto wa chumba cha pili akichapwa kwa waya wa umeme. Wote wanajua kuna mtaa, kuna ustawi, kuna dawati. Wanachokosa ni mpangilio: kipi kinatangulia kipi, na ukikataliwa hapa uende kwa nani.

Nitasema mapema ninachoamini, msomaji apime mwenyewe anapoendelea. Huduma za watoto na familia Dar es Salaam ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila kila moja imekaa peke yake. Anayeziunganisha, karibu kila mara, ni mtu asiye na cheo chochote: jirani, shangazi au mwalimu aliyekubali kupoteza siku na kutoa nauli.

Kuta nyembamba

Manzese imejipanga kandokando ya Barabara ya Morogoro. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 70,000 katika kata hii moja. Miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa maeneo makubwa ya makazi holela nchini, na serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikaamua kuiboresha badala ya kuibomoa: barabara za ndani, maji, taa. Nyumba zilibaki zilezile tunazozijua. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani choo kimoja na kamba za kuanikia. Familia sita chini ya paa moja, na kuta hazifiki juu. Mtoto akikohoa chumba cha mwisho, chumba cha kwanza wanajua.

Kwa hiyo Manzese hakuna anayeweza kusema hakusikia. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa walikuwa karibu robo tatu. Takwimu hizo ni za nchi nzima, lakini chukua nyumba ya vyumba sita yenye watoto kumi na wawili, halafu fanya hesabu mwenyewe.

Jambo dogo la kukumbuka kabla hatujaanza safari: Manzese ilikuwa chini ya Kinondoni hadi manispaa hiyo ilipogawanywa na Ubungo ikazaliwa, mwaka 2016. Wazee wengi bado wanasema "Kinondoni", na wapo wanaofunga safari hadi ofisi isiyo yao. Shida ya mtoto wa Manzese inashughulikiwa na Manispaa ya Ubungo.

Mlango wa kwanza ni mtaa

Watu wengi hukimbilia kwa mjumbe. Mjumbe ni kiongozi wa shina la chama, cheo kilichotokana na utaratibu wa nyumba kumi kumi ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960. Si mtumishi wa serikali. Ana faida yake kubwa: anajua nani kapanga kwa nani, na nani akinywa anakuwaje. Mweleze, akusindikize ikibidi. Ila akisema "nendeni mkapatane", huo ni ushauri wa mtu mzima, haufungi mlango wowote.

Ofisi yenye mamlaka ni serikali ya mtaa, na ndani yake kuna watu wawili wanaochanganywa sana. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka 5. Uchaguzi wa karibuni ulikuwa Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Ukimkosa mmoja, mwone mwingine. Mwenyekiti akiwa ni rafiki wa unayemlalamikia, jambo ambalo uswahilini halishangazi, panda ngazi hadi kwa mtendaji wa kata.

Kwa nini uanzie hapo? Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote wa chini ya miaka 18, inamtaka mwanajamii yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza, atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwanajamii yeyote. Huhitaji kuwa ndugu wa mtoto wala kuwa na ushahidi wa kumfunga mtu. Afisa ustawi wa jamii akishapokea taarifa ana uwezo wa kumwita anayelalamikiwa, kumsikiliza na kuamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Mhusika akikaidi, shauri linakwenda mahakamani.

Omba taarifa yako iandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe. Usione haya. Taarifa iliyoandikwa inafuatiliwa. Ya mdomo inageuka umbea kabla hujafika nyumbani.

Kuna pia kamati ambayo wakazi wengi hawajui kwamba ipo. Mwaka 2017 taifa lilianza mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kwa kifupi MTAKUWWA, na kila mtaa, kata na wilaya ikatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi inayokutanisha viongozi, walimu, watu wa afya, polisi, viongozi wa dini na wawakilishi wa watoto. Kwenye baadhi ya mitaa kamati hiyo inafanya kazi kwelikweli. Kwingine ni orodha ya majina iliyobandikwa ukutani. Njia rahisi ya kujua yako ni ipi ni kumuuliza mtendaji ilikutana lini.

Ustawi wa jamii, ofisi ya matunzo na mengine

Afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa halmashauri aliyesomea kushughulikia matatizo ya familia. Wengi wao wamepita Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1973. Mjini jina "ustawi" limekuwa na maana moja tu: mahali unapompeleka baba asiyetoa hela ya kula. Ni kweli hiyo ni sehemu kubwa ya kazi yao, lakini ndio pia wanaoshughulikia mtoto aliyetupwa, mtoto anayegombaniwa na wazazi walioachana, mtoto aliyekamatwa na polisi, na binti wa kazi za ndani aliyetoroka kwa mwajiri akiwa hajui hata njia ya kurudi kwao Singida.

Tuanze na matunzo, maana foleni ndefu iko hapo. Utaratibu hauna kona nyingi. Mama, au yeyote anayemlea mtoto, anafungua lalamiko. Afisa anamwandikia baba barua ya wito. Wakikaa pamoja wakakubaliana kiasi, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Baba akikataa wito au akasaini kisha asilipe, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto. Akisema mtoto si wake, afisa anaweza kuomba kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kuna kipengele kinachowaumiza kina mama wasiofunga ndoa. Sheria inawataka wawahi: maombi yapelekwe mimba ikiwa bado tumboni au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo mama atatakiwa kuonyesha, kwa mfano, kwamba katika miezi hiyo baba aliwahi kutoa fedha za mtoto. Ujumbe wa simu unaosema umepokea shilingi 10,000 kutoka kwa fulani una thamani kuliko mashahidi watatu wa maneno. Usiufute.

Unapokwenda ustawi beba hivi:

- barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako;
- cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kadi ya kliniki kama cheti hakipo;
- namba ya simu ya mzazi mwenzako na mahali anapofanya kazi, hata kama ni kijiwe cha bodaboda;
- uthibitisho wowote wa fedha alizowahi kutuma.

Watu wanaijua kweli ofisi hii? Aprili 2018 jiji lilipata jibu bila kutarajia. Mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, aliwatangazia kina mama waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake wasaidiwe. Walifurika. Wenye vichanga mgongoni walijaa hadi nje, na maafisa ustawi na wanasheria wakawekwa kuwasikiliza. Wengi tuliishia kubishana kama ilikuwa siasa au huruma, na kucheka majina ya wakubwa yaliyotajwa. Mimi nilibaki na jambo jingine. Huduma waliyoifuata kina mama wale ilikuwepo siku zote kwenye manispaa zao, kwa afisa yuleyule anayewaandikia wito baba wa watoto wao. Walihitaji mtu mkubwa aseme "njooni" kwenye redio ndipo waamini kwamba ofisi ile ni yao pia.

Kwa ufupi hadi hapa: taarifa ianzie mtaani na iandikwe; mambo ya malezi na matunzo yaende ustawi; aliyeshindikana aende Mahakama ya Watoto. Mtoto akiwa ameumizwa, mpangilio huu unabadilika.

Mtoto akiumizwa, usianzie kwenye kikao

Mtoto aliyebakwa, kulawitiwa, kuchomwa moto au kupigwa hadi kujeruhiwa hapelekwi kwanza kwa mjumbe. Anapelekwa polisi na hospitali, siku hiyohiyo.

Kwenye vituo vikubwa vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, chumba cha pembeni chenye askari waliofunzwa kusikiliza mambo haya, ili mtoto asisimulie yaliyomkuta mbele ya kaunta wanaposimama walevi na walioibiwa simu. Hapo anapewa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima. Fomu hiyo hailipiwi.

Kwa sababu kuzunguka kati ya polisi na hospitali kulikuwa kunawachosha watu hadi wanakata tamaa, vikaanzishwa vituo vya Mkono kwa Mkono. Hicho ni kituo ndani ya hospitali ambako daktari, polisi, mshauri nasaha na afisa ustawi wanapatikana mahali pamoja. Cha Hospitali ya Amana, Ilala, kilifunguliwa 2013. Uliza cha karibu nawe kabla siku ya shida haijafika.

Mambo matatu hayasubiri. La kwanza, usimwogeshe mtoto wala kufua nguo alizovaa. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si rambo, na uende nazo. Silika ya mama yeyote ni kuchota maji, ndiyo maana nalirudia kila ninapopata nafasi. La pili, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianza kutumika ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. La tatu, andika saa na siku uliyogundua.

Halafu vinakuja vikao. Mara nyingi mtuhumiwa ni mtu wa ndani: baba wa kambo, binamu, mwenye nyumba, ustadhi au mwalimu wa masomo ya ziada. Jioni wazee wanakutana uwani.

"Mwanangu, haya ni ya kifamilia. Ukimfunga mjomba wako, nani atalipa kodi ya hivi vyumba?"

"Shikamoo bibi. Lakini mtoto anavuja damu."

"Tutampeleka dukani kwa daktari, atapata dawa. Yeye mjomba yuko tayari kutoa kitu."

Kikao cha namna hiyo kinaitwa kuyamaliza nyumbani, na kimeua kesi nyingi kuliko uzembe wa polisi. Bibi yule si katili. Anapiga hesabu ya kodi, na hesabu yake ni ya kweli. Lakini kosa lenyewe ni la jinai, na kosa la jinai halimalizwi kwa shilingi 300,000 na kanga mbili. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kubaka adhabu yake ya kawaida ni miaka 30 jela, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 anafungwa maisha. Wazee wakikaa wanaweza kupanga nani atalipa kodi mjomba asipokuwepo. Hilo ndilo shauri lililo ndani ya uwezo wao.

Ukiwa huna pa kuanzia, au ni usiku, piga 116. Hiyo ni namba ya taifa ya huduma ya simu kwa mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Haikati salio. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na jirani pia.

Mtoto akilazimika kuondoka nyumbani

Wazazi wengi wanaogopa kwamba wakienda ustawi watanyang'anywa watoto. Hofu hiyo ni kubwa kuliko hali ilivyo. Kumwondoa mtoto ni hatua ya mwisho, na kinachotangulia kutafutwa ni ndugu: shangazi wa Mbagala, babu wa Kisarawe. Ndugu wasipopatikana kuna familia za kuaminika, yaani kaya zilizochunguzwa na kufunzwa na serikali ili zipokee mtoto kwa muda mfupi kesi ikiendelea. Ni utaratibu mzuri na unaofanana na desturi zetu, maana ni nyumba gani ya Manzese haijawahi kulea mtoto asiye wa humo?

Makao ya watoto yanakuja baada ya hayo. Serikali ina Makao ya Taifa ya Watoto pale Kurasini, Temeke, na ya watu binafsi na mashirika ni mengi. Kwa watoto wa mitaani, Kituo cha Dogodogo kilianza kazi jijini 1992. Kwa mabinti wanaonyanyaswa kwenye kazi za ndani au kuuzwa kingono, shirika la KIWOHEDE limekuwa likiwapokea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Umaskini wenyewe

Kuna familia ambazo shida yao si ukatili. Ni njaa. Kwa hizo, mlango ni uleule wa mtaa. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF hupata majina kupitia mkutano wa hadhara wa wakazi, kwa hiyo usiyehudhuria mkutano usilalamike kwamba hukuandikwa. Shule za serikali, hadi kidato cha nne, hazitozi ada tangu Januari 2016, ingawa sare, madaftari na michango vinabaki kuwa mzigo wa mzazi. Mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Anayekopeshwa ni kikundi kilichosajiliwa, na pa kuulizia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Vijana, ambao tunawaogopa

Mwenye miaka 16 ni mtoto kisheria, ila mtaani hakuna anayemwona hivyo. Januari 2015, na tena 2022, jina Panya Road, la magenge ya vijana waporaji, lilitosha kufunga maduka saa moja jioni Magomeni, Tandale na Manzese. Tulidai wakamatwe. Wachache waliuliza wale vijana walikuwa wapi saa nne asubuhi siku ya kawaida, wakati wenzao wako darasani.

Njia za kuwarudisha zipo. Aliyekosa shule ya msingi ana madarasa ya MEMKWA, mpango wa elimu kwa walioikosa. Tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa kupata mtoto anaruhusiwa kurudi darasani, baada ya miaka mingi ya kufungiwa. Anayetaka ufundi umeme au ushonaji, VETA Chang'ombe iko wazi, kwa wenye ada.

Aliyeingia kwenye heroini, ambaye mtaani tunamwita teja, ana matibabu. Methadoni ni dawa ya maji ya kunywa inayoondoa arosto bila kumlewesha mgonjwa. Ilianza kutolewa Muhimbili 2011, Mwananyamala 2012, kisha Temeke 2014. Haiuzwi. Sharti lake gumu ni kwamba mgonjwa anakwenda kliniki kila siku, anakunywa mbele ya muuguzi. Kutoka Manzese hadi Mwananyamala na kurudi, kila siku, miezi kwa miezi, ni nauli ambayo mtu aliyekuwa akiishi kwa kuokota chupa hana. Mama yake ndiye anayeitafuta, na yeye anauza maandazi.

Nauli, na hofu ya kujulikana

Hapo ndipo ninapoona mlolongo mzima unakatika. PF3 ni bure, 116 ni bure, methadoni ni bure, lalamiko la ustawi ni bure. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine si bure. Makao makuu ya Manispaa ya Ubungo yako Luguruni, upande wa Kibamba. Mahakama ya Watoto iko Kisutu, katikati ya mji. Shahidi anaitwa, kesi inaahirishwa, anaitwa tena, na kila wito ni siku ya biashara iliyopotea. Kesi hazifi kwa sababu mama amesamehe. Zinakufa kwa sababu tarehe ya tatu hakuwa na hela ya gari.

Kikwazo cha pili ni hofu ya jirani: "Atajua ni mimi niliyemsema?" Ukipiga 116 hulazimiki kutaja jina lako. Ukienda ofisini, mwambie afisa waziwazi kwamba hutaki kutajwa. Mwalimu naye anaweza kutoa taarifa kwa niaba yako, na mara nyingi hiyo ndiyo njia nyepesi, kwa kuwa alama za fimbo mgongoni anaziona mwenyewe.

Hofu ya kujulikana inatibika kwa simu moja. Nauli inahitaji fedha, na fedha Manzese zipo mahali tunapozijua. Kila uwani una wanawake wenye kikoba, na kila kikoba kina mfuko wa jamii, zile hela ndogo zinazochangwa pembeni ya hisa kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Katiba za vikundi nilizowahi kuonyeshwa zinataja kufiwa na mume, kufiwa na mzazi, kulazwa, kujifungua. Nauli ya kumpeleka mtoto aliyeumizwa Amana, au ya kumfikisha shahidi Kisutu, sijaiona. Katiba hizo hupitiwa upya mwisho wa mzunguko, siku ya kuvunja kikundi na kugawana, na mstari mpya huingizwa kwa wanachama kunyoosha mikono.